Mnaomtetea Eriko Imai na mnaomkejeli wote mnaniudhi, yule ni MBUNGE

Wakuu nimevumilia nimechoka. Kila jina la Eriko Imai, mbunge wa Japani aliyekuwa mwimbaji wa kundi la SPEED, likitajwa vita ni ile ile, hawa "muacheni dada yetu, SPEED ndo utoto wetu", wale "mcheza dansi anajua nini cha bungeni", kurasa zinaisha hakuna hata mmoja aliyeuliza huyu mama kafanya nini kwenye kile kiti toka 2016. Hata mmoja!

Nyimbo nazijua na mimi. Binti wa Okinawa, miaka 12, wanatoka 1996 wasichana wanne Japani nzima inawaimba, 2000 kundi likavunjika. Sawa. Ila hayo hayakumpeleka bungeni peke yake, alikuja kwa wapiga kura akasema ana mtoto asiyesikia na anaenda kuwasemea watu wenye ulemavu, akapata kura zaidi ya laki 3. Hiyo ni ahadi jamani, na ahadi inadaiwa.

Na LDP, chama chake, msiwaache salama. Kwenye zile kura za uwiano za baraza la juu la bunge, ambazo viti vinagawiwa vyama kulingana na kura zao, mpiga kura anaandika jina la chama au la mgombea, na ukiandika la mgombea kura inahesabiwa pia kwenye kapu la chama chake, kwa hiyo staa mmoja akivuta watu anawabeba na wenzake ambao hata sura zao hamzijui. Chama kilijua kabisa kinachokifanya. Ndo maana usiku wa matokeo alipoulizwa kwenye TV kuhusu kambi za jeshi la Marekani huko huko kwao Okinawa, mkoa wenye asilimia 0.6 tu ya ardhi ya Japani ila umebeba karibu asilimia 70 ya eneo la kambi zinazotumiwa na Wamarekani peke yao, jibu likawa ndo anataka kuanza kulishughulikia. Ndo anaanza! Mtu keshapigiwa kura! Hapo mashabiki mkasema "anajifunza". Mbunge mwingine angejibu hivyo mngemwacha?

Sasa nyie wa upande wa pili. Julai 2023 kitengo cha wanawake cha chama kilipeleka watu 38 Ufaransa, kiongozi wao akarusha picha wamepozi mbele ya mnara wa Eiffel, watu wakachachamaa, kiongozi akaachia nafasi, Imai yeye akatetea kwamba safari haikuwa ya bure. Haya, kama haikuwa ya bure ilileta nini? Hilo ndo swali. Nyie mmeshikilia ile picha hadi leo, hamtaki kujua walienda kuuliza nini kuhusu malezi na shule za watoto wadogo wala kipi kimefanyiwa kazi waliporudi.

Niwaambie kwa nini inaniuma. Mdogo wangu ni kiziwi. Kadi yake ya benki ilipomezwa na mashine nilipiga mimi huduma kwa wateja, simu nimeweka spika, yeye kakaa pembeni yangu namtafsiria kwa mikono, dada wa upande wa pili anarudia "mpe simu mwenye akaunti aongee mwenyewe". Nikamwambia ni kiziwi. Kimya, halafu "sawa, lakini mpe simu aongee". Mara NNE. Mdogo wangu anasoma uso wangu, anajua kinachoendelea, akanishika mkono akaniambia kata tu.

Japani toka Julai 2021 kuna huduma ya umma ya simu, kiziwi anaongea kwa lugha ya alama au kwa maandishi, mkalimani anamsemea, masaa 24, imewekwa kwa sheria ya 2020. Juni 2025 wakapitisha na sheria ya kuendeleza lugha ya alama, Novemba wakaandaa Deaflympics, michezo ya dunia ya viziwi, Tokyo. Sisemi kafanya yeye, sheria hazipitishwi na mtu mmoja. Ninachotaka kujua ni alisimama wapi, alibishana na nani, alipokuwa na cheo ofisi ya baraza la mawaziri alisukuma lipi na lipi lilikwama. Rekodi za vikao ziko wazi zinasomeka. Anayezileta hapa ni nani? Hakuna, mnaleta video za konsati za 1998!

Na 2022 kura zake zilishuka chini ya nusu ya zile za mwanzo, bado kapita, kapewa miaka sita mingine. Kwa hiyo yupo hadi 2028. Mnataka tuendelee na habari za mauno na mnara hadi 2028?

Mwenye kikao chochote alichouliza swali kuhusu viziwi akiweke hapa na tarehe yake. Hata kama kaharibu, weka. Mdogo wangu kaniuliza jana yule mama huwa anasema nini bungeni, na kwenye kurasa zote mlizoandika sikuona cha kumwonyesha.