Jirani ana haki ya kuzuia kebo ya umeme baharini kwa kuwa mpaka una mgogoro?

Wakuu, jana kijiweni Magomeni tulivutana mpaka kahawa ikapoa. Chanzo ni kebo ya umeme inayopangwa kutoka Krete hadi Saiprasi, kisha Israeli. Julai 2024 meli ya Kiitalia ilikuwa ikipima sakafu ya bahari karibu na kisiwa cha Kasos cha Ugiriki, Uturuki ikatuma manowari ikidai eneo lile ni lake. Mzee mmoja akaitetea: "Ukimwacha jirani achimbe msingi kwenye kiwanja chenye kesi, umeshamgawia."

Nakataa. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, kifungu cha 79, unatenganisha bomba (la mafuta au gesi) na kebo. Njia ya bomba lazima mwenye pwani airidhie. Kebo haimo kwenye sharti hilo: ukishavuka maili 12 za baharini kutoka pwani, nchi yoyote inaweza kulaza kebo hata kwenye sakafu ya mwenzake. Kwa hiyo hata tukiipa Uturuki eneo lote inalodai, kebo bado ina haki ya kupita. Hofu ya mzee nayo ina jibu, kifungu cha 83: mipango ya muda ambayo majirani wanawekeana haiathiri mpaka utakaokuja kuamuliwa.

Kweli, Uturuki haijaridhia mkataba huo. Ila uhuru wa kulaza kebo ni wa zamani kuliko huo. Umo kwenye mikataba ya Geneva ya 1958 kuhusu bahari.

Kijana mwingine akasema kupima siyo kulaza. Hoja nzito hiyo, lakini utalazaje kebo kwenye kina kinachofika mita 3,000 bila kujua chini kuna nini?

Nina uchungu na hili. Desemba 2009 nilikuwa Unguja kwa shangazi umeme wa kutoka bara, unaokuja kwa kebo ya baharini, ulipokatika. Giza miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, madumu ya njano yakajaa ukumbini, na samaki ilibidi wauzwe kabla ya adhuhuri kwa bei yoyote maana barafu haikuwepo. Na kwetu ni nchi moja, hakuna wa kuleta manowari. Saiprasi nayo, Julai 2011, mlipuko wa baruti uliharibu kituo cha Vasilikos kilichokuwa kikizalisha karibu nusu ya umeme wake. Watu wa kisiwa wanajua maana ya kutegemea mitambo yako peke yako.

Anayesema kibali ni lazima, aweke hapa kifungu kinachosema hivyo kuhusu kebo, siyo bomba.