Mrejesho: meshi za rangi ya dhahabu

Wakuu, niliuliza kama ile rangi ya dhahabu kwenye meshi (biti za drili) za kutobolea chuma ni urembo tu, na kama nikizinoa inapotea. Asanteni. Tumezijaribu karakanani hapa Kampemba, Lubumbashi, kwenye mabamba manene. Mlivyosema ndivyo: si urembo, ni tabaka gumu la titani naitraidi, unene wa mikroni (elfu moja ya milimita) chache tu, inapakwa ndani ya chemba iliyoondolewa hewa, kwa joto lisilolegeza chuma cha meshi. Ukinoa, ncha inabaki rangi ya chuma, ila mifereji ya pembeni mwa meshi bado ina dhahabu yake na nyuzi za chuma zinateleza nje bila kung'ang'ania. Zile za bei rahisi sokoni, bisibisi iliikwangua rangi yote. Fundi mkuu anasisitiza kwamba mafuta ya kukatia ndiyo mwenye kazi, simbishii sana.