Naenda kuzungukia vyuo na binti anayetaka injinia, tuangalie nini hasa?

Mama Mbao:
Kamwene wakuu. Niko Mafinga huku, nauza mbao. Binti yangu kamaliza form six PCM, tunasubiri matokeo, na kichwani kwake ni injinia ya mitambo tu hataki kusikia kingine. Nimemwambia kabla hatujaanza maombi twende tukavione vyuo kwa macho, tuanze na MUST, chuo cha sayansi na teknolojia cha Mbeya pale Iyunga maana ndo jirani, halafu tushuke Dar tuone CoET, yaani koleji ya uinjinia ya Mlimani (UDSM), na DIT, taasisi ya teknolojia ya Dar. Shida mimi niliishia la saba, nikifika chuoni naona majengo tu, yote mazuri, nyasi zimekatwa, sasa nitajuaje kama hapa patamfaa? Baba yake anasema nachoma nauli bure. Naombeni muongozo.

Kichwa_Ngumu:
Mzee yuko sahihi. Hiyo nauli ongezea mtoto anunue laptop. Mtaala TCU (tume ya vyuo vikuu) wameshaupitisha, hesabu ni zilezile za kuua popote atakapoenda. Aombe vyuo vyote vitatu, akichaguliwa zaidi ya kimoja anathibitisha kimoja, kwisha habari.

Injinia_Mufindi:
Mkuu hapo juu, mtaala haushiki spana.

Mama, majengo yapite. Omba muoneshwe karakana, na mwende siku ya kazi wanafunzi wakiwepo, mkichelewa mtakuta wote wako field, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Mkiingia chungulia chini ya mashine ya kukereza chuma. Ukikuta vinyoleo vya chuma na mafuta mafuta, hiyo inapiga kazi. Ukikuta imefunikwa turubai na chini pamedekiwa panang'aa, muulize fundi wa karakana (siyo bosi, fundi) mara ya mwisho imewaka lini, atakwambia tu ukweli kwamba inasubiri spea. Wewe si unajua, ukiingia kwenye kiwanda cha kupasua mbao ukaangalia maranda tayari umeshajua kama wanafanya kazi au wamelala. Halafu hesabu mashine moja inazungukwa na vijana wangapi, maana wakiwa ishirini basi wawili wanafanya na waliobaki wanatazama mpira.

Kingine, wadakeni wa mwaka wa tatu muwaulize field walifanya nini. Siyo walienda wapi. Huku kazini tunapokea hao vijana kila mwaka, kuna anayekuja anajua kusoma mchoro na kupima shafti, na kuna anayesubiri tu logibuku yake isainiwe arudi kwao.

Dada wa Spana:
Nimesoma injinia, chuo sitaji. Mama kwa mtoto wa kike kuna kitu hawa kaka zangu hawatakiona. Mkikuta kundi liko kwenye prakiko angalia nani kashika kifaa na nani kashika kalamu. Kwetu wasichana tulikuwa wachache na kila kundi msichana ndo anafanywa katibu, eti dada una mwandiko mzuri andika wewe ripoti, unakuja kushtuka muhula umeisha hujachomelea hata bomba moja na kwenye ripoti una A. Kuna mwalimu mmoja tu ndo alikuwa anasema leo kalamu anashika mvulana, nilichojifunza kwa huyo mpaka leo kinanilisha.

Kwa hiyo binti aongee na wasichana wa pale mwenyewe, wewe kaa kantini unywe chai, ukiwepo watamwambia mambo ya kanisani. Awaulize hosteli mwaka wa kwanza wanapata au wanapanga mtaani, na usiku wakitoka maabara wanarudije.

Mwana wa Rungwe:
Ugonile mama. MUST ilianza kama chuo cha ufundi 1986, ikawa taasisi, MIST, 2005, ndo baadae ikapanda kuwa university. DIT nayo asili yake ni ufundi toka 1957, na injinia pale Mlimani ilianza 1973. Hiyo haikwambii kipi bora leo, ila binti ajijue kwanza, kuna mtoto wa kushika chuma na kuna mtoto wa kukokotoa mpaka saa nane usiku, aone wapi wanampa nafasi ya kile anachokipenda. Na mkija mbebe sweta, Iyunga mwezi wa sita si mchezo.

Kichwa_Ngumu:
Haya, kama lazima mwende basi muulizeni hili ofisi ya idara. Hiyo kozi yenyewe, kwa jina lake kamili, inatambuliwa na ERB, bodi ya usajili wa mainjinia? Usiulize chuo, uliza kozi. Bila kusajiliwa ERB kisheria hawezi kufanya kazi kama injinia, na siku hizi kozi zina majina marefu ya kuvutia.

Mama Mbao:
Mtu wa Mafinga unamtisha na baridi ya Mbeya? 😂 Asanteni sana. Binti kasoma hapa kanyamaza kwenye hiyo ya kalamu, kumbe hata shuleni maabara yeye ndo alikuwa anaandika. Swali moja, karakana mtu wa nje anaingiaje? Nafika getini nasema nini?

Injinia_Mufindi:
Usianze na karakana getini watakurudisha. Sema unaenda ofisi ya udahili, una mwombaji wa mitambo, mkifika huko ombeni mtu wa idara awazungushe. Pigeni simu kwanza msije mkakuta wako kwenye mitihani. Na binti avae viatu vya kufunika, nywele afunge, kitenge na ndala wataishia mlangoni, hiyo na wewe mama inakuhusu.