Naomba ushauri: mshubiri wa Pemba na ndugu zake wa bara

Assalaam aleikum wataalamu. Nachora ukoo wa jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Aloe, yaani mishubiri, yenye spishi zaidi ya 500, iliyoanzia kusini mwa Afrika ikaenea hadi Uarabuni na Madagaska. Kinachonitatiza ni jinsi Aloe pembana, mshubiri wa Pemba, ulivyofika kisiwani. Unguja iliungana na bara bahari iliposhuka, lakini Mkondo wa Pemba, bahari iliyo kati ya Pemba na bara, una kina cha mamia ya mita. Nashuku mbegu zilipeperushwa na upepo.

Tatizo lingine ni kutoa DNA (vinasaba) ya kulinganisha: ute wa jani huigandia. Nimekwangua ute wote, nikakausha ganda la kijani peke yake kwa silika jeli (chembe za kufyonza unyevu), uzito mara 10 ya ganda. Bado inatoka rojorojo!

Je, niongeze chumvi kwenye kimiminika cha kutolea DNA, au nihamie kwenye petali (vijani vya ua)? Na spishi zipi za Tanga na pwani ya Kenya nisizikose kwenye ulinganisho?