Mrejesho: mbwa ambaye presha yake iligoma kupanda

Wakuu, niliwauliza kuhusu mbwa jike mwenye usaha kwenye mfuko wa uzazi, presha ya wastani 48 mmHg hata baada ya kumwongezea maji ya mishipa mara tatu. Swali lilikuwa nianze dopamini au noradrenalini, dawa za kupandisha presha. Wengi mlisema noradrenalini, nikaianza kwa pampu, mikrogramu 0.1 kwa kilo kwa dakika, tukipima presha kila dakika 5. Dozi ilipofika 0.4, presha ikavuka 65.

Fizi zake zilikuwa nyekundu kama tofali. Nikaziona zikirudi waridi taratibu, kidole changu kikiwa bado juu yake. Usiku uleule tukautoa mfuko wa uzazi, maana dawa hii hubana mishipa tu, chanzo cha presha kushuka, yaani usaha, kinabaki palepale.

Aliyenikumbusha kuchungulia kanula mguuni (kimrija cha kupitishia dawa kwenye mshipa), asante sana! Saa ya tatu niliona ngozi pembeni yake imeanza kuwa nyeupe, nikahamishia dawa mshipa wa shingo mara moja. Dawa hii ikivuja nje ya mshipa inaua nyama ya pale.

Kesho yake tulishusha dozi kidogo kidogo hadi tukaizima. Leo siku ya nne, anakula na mkojo unatoka vizuri.