Msaada: slaidi nikizigeuza PDF, kisoma skrini kinazisoma ovyo

Mwalimu wa Uyole
Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha kilimo kwenye chuo kimoja hapa Mbeya. Nina mwanafunzi asiyeona, anasoma kwa NVDA, programu ya kusoma skrini kwa sauti, kwenye kompyuta yake. Slaidi zangu za PowerPoint nikizigeuza PDF, Acrobat Reader inamtangazia kwamba faili halina tagi, yaani zile alama za ndani zinazoeleza kipi ni kichwa, jedwali au picha. Akiendelea, jedwali la viuatilifu linasomwa kabla ya kichwa cha slaidi, na picha hazina maelezo yoyote. Wenzake wanajisomea, yeye anatafuta wa kumsomea. Linaniuma. Nimeshauriwa ninunue Acrobat Pro, programu ya kuhariri PDF, nipange tagi moja moja, lakini bei ni kubwa na masomo ni mengi. Hakuna njia nyingine?

Fundi Mwanjelwa
Mwalimu, PDF unaitoaje? Ukipitia Print ukachagua Microsoft Print to PDF, mara nyingi tagi hazitoki, maana njia ile ni ya kuandaa karatasi tu. Tumia Save As, chagua PDF, ingia Options, uone kama pana tiki kwenye "Document structure tags for accessibility".

Mwalimu wa Uyole
Asante mkuu. Nimefuata njia hiyo, lile tangazo halipo tena. Mpangilio bado umevurugika.

Dada wa Kihesa
Shikamoo Mwalimu. Tiki inabeba kile kilichomo kwenye slaidi, haipangi chochote. Achana na PDF, rudi kwenye slaidi zenyewe.

Fungua Outline View, inayoonyesha maandishi ya slaidi tu. Maandishi yasiyoonekana pale umeyaweka kwenye visanduku ulivyochora mwenyewe, na kichwa cha namna hiyo PowerPoint haikitambui kama kichwa. Chagua muundo wa slaidi wenye nafasi ya kichwa, uandike humo, na kila slaidi iwe na kichwa chake tofauti. Kisha fungua Selection Pane, orodha ya vitu vyote vilivyomo kwenye slaidi. Hapa wengi wanachanganyikiwa: orodha ile husomwa kutoka chini kwenda juu. Kwa hiyo kichwa kiwe chini kabisa, jedwali lako lipande juu yake. Jedwali nalo uliwekee tiki ya Header Row (mstari wa vichwa), la sivyo atasikia tarakimu bila kujua ni za safu ipi. Mapambo na nembo, yatie alama kwamba ni mapambo ili yarukwe.

Nafasi za vichwa ukizipanga mara moja kwenye Slide Master, kiolezo cha slaidi zote, masomo yajayo hayatakusumbua sana. Ukirekebisha PDF, siku ukibadili slaidi moja unaanza upya. Ndiyo maana naona usinunue Acrobat Pro.

Mkinga Halisi
Kwa tusio na leseni ya Microsoft, LibreOffice Impress, programu ya slaidi, ni ya bure na ukitoa PDF ina sehemu ya kuchagua tagi. Vichwa na maelezo ya picha bado ni kazi yako.

Msikivu wa Tukuyu
Mwalimu, mimi sioni na ni mtumiaji wa NVDA. Kikaguzi cha PowerPoint (Accessibility Checker) kitakwambia picha haina maelezo, lakini hakijui kama maelezo uliyoandika yana maana. Ukiandika "picha ya jani", hujanipa kitu. Andika: "Jani la kiazi mviringo lenye mabaka ya kahawia, upande wa chini lina ukungu mweupe." Hapo nimeujua ugonjwa kama wenzangu. Lugha ya maandishi nayo uiweke Kiswahili, maana sauti ya Kiingereza ikisoma "ng'ombe" ni mateso. Na faili la PowerPoint lenyewe mpe pia, NVDA inalisoma. Muulize analipenda lipi.

Mwalimu wa Uyole
Nimekuelewa sana, ndugu yangu. Nina ramani ya maeneo ya viazi, Mbeya hadi Njombe, yenye mishale na vibandiko vingi. Kila kimoja nikiandikie maelezo?

Dada wa Kihesa
Hapana Mwalimu. Viunganishe vyote kwa Group, andika maelezo mafupi ya kundi zima. Majina ya wilaya yaweke kama orodha ya kawaida kwenye slaidi hiyohiyo, hata wanaoona itawafaa.