Nataka kuanza masomo ya fluti nikiwa mtu mzima, niko Kisumu, nianzie wapi?

NyarMamboleo:
Habarini wadau. Naomba ushauri kwa yeyote aliyejifunza fluti akiwa mkubwa ama anayefundisha. Nina miaka 44, kazi yangu ni ya ofisi hapa Kisumu, watoto wamekua kidogo na jioni nimeanza kupata nafasi yangu mwenyewe. Ninayosema ni ile fluti ya chuma ya kupulizwa kwa upande, si ile ya plastiki ya watoto wa shule. Nimeipenda miaka mingi na sasa nimeamua.

Kanisani naimba alto, solfa (do re mi) nasoma bila shida, lakini ile mistari mitano yenye noti nyeusi nyeusi sijui kitu. Mwenzangu kazini ameniazima fluti ya mtoto wake aliyeenda chuo, nimeipuliza jioni kadhaa, inatoka hewa tu, mara moja moja kasauti kanatokea halafu kanapotea, na baada ya dakika chache kichwa kinazunguka mpaka inabidi nikae chini. Sasa je, ni umri ama ni vile napuliza? Ni lazima nitafute mwalimu ama vidio za YouTube zinatosha? Kuna mtu ameniambia nianze na rekoda kwanza, ni kweli? Halafu naishi kwa ploti, ukuta ni mmoja na jirani, sitaki maneno na keateka. Asanteni sana.

Mwalimu_wa_Noti:
Karibu sana dada. Nafundisha muziki Nakuru, shuleni na pia watu wazima wikendi, na wa miaka 40 na 50 wapo na wanapiga vizuri, kwa hivyo hilo la umri liweke kando kabisa. Tena mtu mzima ana faida. Fluti ina urefu wa kama sentimita 67, mtoto mdogo mikono haifiki mpaka anatengenezewa fluti yenye kichwa, yaani kile kipande cha kupulizia, kilichopindwa ndio afikie funguo, wewe mikono yako inafika na ukielezwa kitu mara moja unaelewa.

Kizunguzungu ni cha kawaida kwa anayeanza. Unapuliza hewa nyingi haraka haraka, kaboni dayoksaidi mwilini inapungua, kichwa kinakuwa chepesi. Fluti inaleta hii kuliko ala nyingine nyingi kwa sababu hakuna kitu kinachozuia pumzi yako, klarineti ina mwanzi wake, tarumbeta ina kikombe, fluti ni shimo wazi na sehemu ya hewa inapita juu inaenda zake. Ukisikia hivyo weka chini, kaa, pumua kawaida, urudi baadaye. Kadiri mdomo unavyojifunza kubana hewa ndivyo kinavyopungua. Lakini kama una presha ama pumu ongea na daktari wako kwanza, hilo usilipuuze.

Sasa fanya hivi. Usiunganishe fluti yote, chukua kichwa peke yake, ule upande ulio wazi uzibe kwa kiganja cha mkono wa kulia. Simama mbele ya kioo. Kile kibamba cha mdomo kikae chini ya mdomo wa chini, ukingo wa shimo uwe pale pale rangi ya mdomo inapoanzia, na mdomo wenyewe ufunike kama robo ya shimo hadi theluthi. Usitabasamu, ukivuta mdomo kwa pembeni unakuwa mwembamba na hewa inatawanyika. Acha kitundu kidogo tu katikati, kirefu kwa upana kuliko kwa kimo, kisha hewa uielekeze kwa ule ukingo wa mbali wa shimo. Hapo kwa ukingo ndipo sauti inatokea, hewa inaingia ndani na kutoka nje mara mamia kwa sekunde, ni kama unavyopuliza chupa ya soda ikalia. Kama inatoka hewa tupu zungusha hicho kichwa cha fluti mbele kidogo, halafu nyuma kidogo, kidogo kabisa, mpaka kilie. Kikilia simama hapo, angalia kwenye kioo mdomo wako umekaaje, shusha, rudisha, tafuta tena mahali pale pale. Ukiwa umeziba utapata noti iliyo karibu na A, ukiondoa kiganja inapanda kama oktavu nzima, yaani kama kutoka do hadi do ya juu.

Kaa na kichwa peke yake wiki moja ama mbili kabla ya kugusa funguo. Najua inachosha lakini sauti yote ya fluti iko hapo, vidole ni kazi ya baadaye. Na ndiyo, tafuta mwalimu, hata kama ni mara mbili kwa mwezi. Vidio inakuonyesha mdomo wa mtu mwingine, wako haiuoni. Kiwiko kimeshuka, kichwa chako umekiinamisha, hewa inatoka upande mmoja wa mdomo, hayo mwalimu anayaona akiwa mlangoni hata kabla hujamaliza kupuliza.

BendiKakamega:
Dada pokea salamu kutoka Kakamega. Mimi nimelelewa kwa bendi ya Jeshi la Wokovu, napiga yufoniamu. Bendi yetu ni ya shaba tupu, fluti hakuna, lakini kwa upande wa kusoma noti naweza kukusaidia mawazo.

Usitupe solfa yako, ni mtaji huo. Noti tatu za kwanza za fluti huwa ni B, A na G. Kwenye kii ya G hizo ni m r d. Yaani siku ya kwanza ukizipata tayari unaweza kupiga vipande vya nyimbo unazozijua kwa kichwa, unasoma kwa solfa huku unaangalia zimekaa wapi kwenye mistari mitano, macho yanazoea pole pole. Sisi tuliwafundisha wazee wa kanisa namna hiyo na walisoma.

Mimi naona rekoda ni wazo zuri. Ni shilingi mia chache tu dukani kwa vitabu, watoto wanaitumia shuleni, unajifunza kusoma noti na kuhesabu mapigo bila kuhangaika na mdomo, halafu fluti inakuja ukiwa na msingi.

Na jambo lingine, hiyo fluti ya watu usije ukaisugua na ile dawa tunayong'arisha nayo shaba. Nyingi za wanafunzi zimepakwa fedha juu juu tu, ile dawa inakula fedha, na ikiingia kwa funguo inagandisha kila kitu. Kitambaa kikavu laini kinatosha.

Kiamunyi_Jioni:
Kaka wa Kakamega hapo kwa solfa nakuunga mkono mia kwa mia, lakini kwa rekoda hapana. Rekoda mdomo wake umeshatengenezwa kiwandani, hewa inapelekwa kwa ukingo yenyewe, wewe unapuliza tu inalia. Kwa fluti kazi hiyo ndiyo yako. Mtu anaweza kukaa na rekoda mwaka mzima na akishika fluti bado hatoi sauti. Vidole vya B A G ni kweli vinafuatana vile vile, kidole gumba na cha shahada, unaongeza cha kati, unaongeza cha pete, lakini dada ana fluti tayari mkononi na noti anaweza kuzijifunza juu yake. Angekuwa hana ala kabisa ningesema sawa.

Mimi niko Nakuru, nilianza nikiwa na watoto wawili na kazi ya zamu. Kilichonisaidia ni dakika 15 ama 20 kila siku badala ya kungoja Jumamosi upige masaa matatu, mdomo ni misuli, ukiiacha wiki inasahau. Nusu ya muda wote nilikuwa napiga noti moja ndefu, naanza polepole, naongeza, napunguza, bila sauti kutikisika. Hiyo si nzuri kusikiliza lakini ndiyo iliyonijenga.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa wa onlaini kwa sababu huku sikupata. Inafanya kazi, ila mjue mambo mawili. Simu iweke upande wako wa kulia karibu na usawa wa mdomo, si mbele kabisa, ndio aone pembe ya fluti. Na kwa Zoom kuna seting ya kuchuja kelele, noti ndefu ya fluti Zoom inadhani ni feni inaizima katikati, mwalimu anasikia kimya anafikiri umeacha kupuliza. Washa ile seting ya sauti halisi ya wanamuziki.

Jirani: kichwa peke yake hakina kelele nyingi, hicho piga nyumbani. Fluti nzima usijaribu kuiziba kwa kitambaa ama soksi, haisaidii, sauti nyingi inatokea kwa mdomo na kwa mashimo yaliyo wazi, si kwa ncha peke yake. Mimi niliongea na jirani mapema nikamwambia saa yangu ni saa kumi na mbili mpaka na nusu jioni, basi, akajua. Wewe una kwaya, omba ufunguo wa kanisa kabla ya mazoezi, pale chumba ni kikubwa na sauti inakurudia vizuri unajisikia.

NyarMamboleo:
Jameni asanteni, sikutegemea majibu ya kina hivi. Mwalimu nimefanya vile ulisema kwa kioo na kichwa kimelia! Si kila mara, lakini kikilia kinakaa, na kizunguzungu kimepungua kabisa nikipumzika katikati. Nimeipata pia ile oktavu ya kuondoa kiganja, nimefurahi hadi nikamwita binti yangu aje asikie.

Nikaunganisha yote nikajaribu B A G nazo zinatoka. Shida ni nikiongeza vidole vya mkono wa kulia, F inakuja dhaifu, E na D hakuna kitu, hewa tupu. Ni mimi ama ni fluti? Ilikaa kwa boksi miaka kama mitatu bila kuguswa. Na mkiniambia ninunue yangu, nitajuaje nzuri?

Mwalimu_wa_Noti:
Hongera dada! Inaweza kuwa wewe, inaweza kuwa fluti, na ni vizuri kujua mapema kabla hujajilaumu bure.

Kila funguo ina pedi chini yake, inaziba shimo. Ili D ilie lazima mashimo yote ya juu yake yazibwe kabisa, kwa hivyo pedi moja ikivuja hata kidogo noti za chini zinakufa ama zinaruka oktavu ya juu, huku B A G zikiwa salama kabisa kwa sababu zinategemea mashimo machache. Fluti iliyolala miaka mitatu pedi zinakauka ama zinaharibika. Jaribu hivi: piga G vizuri, ongeza kidole kimoja kimoja bila haraka. Kisha ile noti inayogoma ibonyeze kwa nguvu kidogo. Ikitokea ukibonyeza kwa nguvu na ikipotea ukilegeza, hiyo ni pedi, si mdomo wako. Lakini usizoee kubonyeza hivyo, vidole vitakakamaa.

Njia ya uhakika ni kumpa mtu anayejua aipige. Wewe uko karibu na Maseno, chuo kikuu kina idara ya muziki, nenda ukaulize kama kuna mwanafunzi wa fluti ama mhadhiri anayeweza kukusikiliza. Unaweza kutoka hapo ukiwa umepata na mwalimu. Yeye akishindwa kutoa D na C ya chini, basi ni ya fundi.

Kiamunyi_Jioni:
Kwa kununua naongezea. Zile za rangi rangi, bluu, pinki, za bei ya kutupa, zipite tu. Chuma chake ni laini, funguo zinapinda, na fundi wengi hawazigusi. Afadhali iliyotumika ya kampuni inayojulikana, Yamaha ama Jupiter, iliyofanyiwa sevisi. Anayeanza achukue ya funguo zilizofunikwa, si zile zenye matundu katikati, hizo vidole vikikosea milimita moja tu inavuja. Fluti karibu zote za leo zinafuata mfumo wa funguo wa Boehm, mtengenezaji fluti Mjerumani, wa mwaka 1847, kwa hivyo vidole ni vile vile na kitabu chochote cha wanaoanza kitakufaa. Usinunue bila mtu kuipiga mbele yako kuanzia C ya chini mpaka juu.

AuleruBusia:
Nimefurahi kuona hii mada. Sisi Wateso tuna auleru yetu, fluti ya jadi, kwa hivyo kupuliza si kitu kigeni huku magharibi. Dada kazana, na mtu akikuambia hiyo ni ya wazungu ama ni ya watoto usimsikize.

Mimi nauliza swali langu hapo hapo, nina fluti na nikipiga na kinanda kanisani asubuhi sauti yangu iko chini ya kinanda, mchana iko juu. Kinanda hakijabadilika. Inakuwaje?

Mwalimu_wa_Noti:
Ni joto ndugu yangu. Hewa ndani ya fluti ikiwa baridi sauti inashuka, ikipata joto inapanda. Huku Nakuru asubuhi ya Julai wanafunzi wangu wote wako chini mpaka wapulize hewa ya moto ndani kwa muda huku mashimo yamezibwa. Kwenu Busia na Kisumu mchana ni kinyume, utakuwa juu, basi vuta kichwa nje milimita chache, ndiyo maana hakisukumwi mpaka mwisho. Apu ya kupima sauti iko ya bure kwa simu, weka A iwe 440 ama ufuate kinanda chenyewe.

Na wote wawili angalieni ndani ya boksi, kuna fito la kusafishia. Kwa ncha moja lina mstari uliochorwa. Ingiza ncha hiyo ndani ya kichwa mpaka iguse mwisho, mstari unatakiwa kuonekana katikati kabisa ya shimo la mdomo, ni kama milimita 17 kutoka kwa kizibo kilicho ndani. Kama umehama, oktavu hazitakubaliana hata upulize vipi. Usigeuze ile kofia ya juu mwenyewe kama hujaonyeshwa. Na ukimaliza kupiga pitisha kitambaa kwenye fito ukaushe ndani yote kabla ya kufunga boksi, maji yakibaki ndiyo yanayoua pedi. Dada ukienda Maseno beba na hilo fito.